KAUZA FOLENI YAKE YA MALORI, NYIE MNALIA NINI?



Leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Nina jambo moja limenikaa kooni tangu Jumamosi, na nisipolitoa hapa nitaishia kugombana na watu kwenye komenti mmoja mmoja mpaka bando liishe.

Kwa mliochelewa: kuna dogo mmoja hapa Tunduma, jina kapuni kwa sababu kaniomba mwenyewe (mnaomjua tulieni, mkimtaja hapo chini nafuta), aliyetengeneza foleni ya malori ya mpakani kwa maboksi. Sio lori moja. Foleni nzima, kuanzia mizani ya Mpemba mpaka geti la kuvukia Nakonde, imekaa juu ya plaiwudi moja ya futi nane kwa nne. Jumamosi kaiuza. Yote. Mtu karekodi ikitolewa mlangoni, video ikazunguka, na kufikia jioni mtandao ulikuwa unalia kama kuna msiba.

"Kipaji kimeuzwa bei ya mbuzi." "Angetuambia tungechanga." "Mimi ningezikwa nayo." Huyu wa kuzikwa nayo nimeingia kwenye akaunti yake nikaangalia. Bado anakaa kwa wazazi, chumba chake kina kapeti. Tuendelee.

Kwanza niwaeleze kitu chenyewe, maana wengi mmekiona kwa sekunde thelathini na muziki juu. Malori yako 64, nimeyahesabu. Mwenyewe anayaita jeshi. Ulikuwa unashtuka saa sita usiku na meseji: "Kaka, jeshi limefika 50." Vichwa vya malori kakata kwenye maboksi ya biskuti. Tairi ni ndala zilizochakaa, anazitoboa kwa kipande cha bomba kilichonolewa ndo maana zote zinatoka duara moja. Semi-tela la kawaida lina tairi 22, kwa hiyo pigeni wenyewe mara 64 mjue ni ndala ngapi zimekufa. Turubai ni kitambaa cha miavuli mibovu. Matanki ya mafuta yanayopanda Kongo ni makopo ya dawa ya mbu. Rangi yote ni rangi ya kucha, kwa sababu mchumba wake yuko saluni, na chupa zikibaki robo zinamfikia yeye. Ukishangaa Scania zake zinang'aa kuliko za barabarani, jibu ndo hilo.

Afu ile shaba. Mnajua hapa kwetu malori yanashuka na shaba ya Zambia na Kongo kwenda bandarini Dar. Dogo kamenya nyaya za umeme, kaponda na nyundo mpaka zikawa bapa, kazipanga juu ya matela kama vile zinavyopangwa kweli. Ni shaba juu ya shaba, sio kupaka.

Lakini kilichoninasa mimi sio malori, ni watu. Utingo kalala chini ya tela juu ya boksi. Mama lishe ana masufuria ya vizibo. Jamaa wa kubadili kwacha na kiti chake cha plastiki. Kuna dereva mmoja anajinyoa kwa kioo cha pembeni. Mtu yeyote aliyewahi kuuza maji kwenye ile foleni, na dogo kauza miaka yote ya shule ya msingi, anajua yule dereva hajinyoi kwa sababu anaondoka. Anajinyoa kwa sababu hana la kufanya, karatasi haijatoka. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa 2019 na mambo mengi yamerahisishwa, ila siku foleni ikirudi inarudi na watu walewale. Sijawahi kuona mtu anautengeneza huu mji hivyo. Wote tukishika kamera tunapiga picha Kimondo cha Mbozi na mashamba ya kahawa, kama vile hapa mpakani hakuna kitu.

Sasa tuje kwenye chumba, ambacho kwenye video hamkukiona kwa sababu hakina mvuto. Getho lake ni futi kumi kwa kumi. Ule ubao ulikuwa umekula theluthi nzima. Ulikuwa umekaa juu ya ndoo za rangi, godoro linaanzia ukutani na linaishia chini ya ubao, yaani yeye na mchumba wake walikuwa wanalala miguu ikiwa chini ya Mpemba. Mchumba ana mimba ya miezi saba. Mama mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, 40,000 mara sita, toa 240,000 au toa vyombo. Kaenda kumwomba mara mbili, shikamoo zote, magoti yote. Mama wa watu naye anasomesha.

Akatokea bosi mmoja wa malori, naye kapuni. Alikuwa ameiona video, akaja mwenyewe na pikapu. Nilikuwepo. Aliinama, akaanza kutafuta lori lenye rangi za kampuni yake, akalipata la kumi na saba kutoka mizani, akacheka kama mtoto. Akauliza, "Kijana, hii unaiuzaje?" Dogo kataja 350,000, bosi hakupunguza hata shilingi.

Bei ndogo? Ndogo. Kazi ya miaka mitatu, hata mimi nimeumia. Lakini ilikuwa bei iliyokuja na pikapu. Nyie mngechanga? Mwaka jana kuna mdau alifungua kundi la WhatsApp la kumsaidia dogo apate banda la kuonyeshea. Tulikuwa watu 112. Zilipatikana 14,000, na kundi likageuka la kutakiana asubuhi njema.

Na staa wetu. Mnamjua, simtaji. Alirusha video ya ile foleni kwenye ukurasa wake, akaiwekea wimbo wake mpya, laiki zikamiminika kama mvua ya Machi. Jina la dogo hakuweka. Dogo kamfuata inboksi kwa adabu zote, kajibiwa na meneja, "Tutakutafuta." Jumapili hii staa huyohuyo kaposti kikatuni kinacholia na maneno "Tanzania tunaua vipaji." Tunaua akina nani, bro?

Na mimi nisijitoe. Posti yangu ya kwanza ya ile foleni ndo iliyosomwa kuliko zote tangu nianze kuandika hapa. Kwa sababu yake nilipata tangazo la duka la simu. Dogo nilimnunulia chipsi mayai na soda. Kwa hiyo nikisema "nyie", na mimi nimo.

Hili la kuachana na kitu ulichojenga kwa mikono halijaanzia Tunduma. Uingereza kuna watu wazima, wenye kazi na mikopo ya nyumba, wanapaka rangi vijeshi vidogo vya plastiki vya mchezo wa vita unaoitwa Warhammer. Kampuni inayotengeneza iko Nottingham. Wana mpaka shindano linaloitwa Armies on Parade, na humo hupeleki jeshi peke yake, unapeleka na ubao uliojenga mwenyewe wa kulisimamishia: magofu, madaraja, matope. Henry Cavill, yule aliyekuwa Superman, ni mmoja wao, kakiri hadharani wala haoni aibu. Na huko nako mtu akihama nyumba au akipata mtoto ule ubao unakuwa wa kwanza kutafutiwa pa kwenda, kwa sababu jeshi linaingia kwenye boksi lakini ubao hauingii popote. Anauza, anagawa au anavunja. Sijui kama na wao huwa wanaandikiwa "ningezikwa nayo".

Anayeweza kukaa na chake ni kama Rod Stewart. Mwanamuziki, mzee sasa. Alijenga mji mzima wa treni kwenye dari ya nyumba yake Los Angeles kwa zaidi ya miaka 20. Akiwa kwenye ziara za muziki alikuwa anachukua chumba cha ziada hotelini kwa ajili ya kazi hiyo tu. Mwaka 2019 aliuonyesha kwenye jarida la watu wa treni, mtangazaji mmoja wa redio akatia shaka kama kaujenga mwenyewe. Unajua alifanya nini? Alipiga simu studio. Akasema karibu wote kajenga yeye, isipokuwa mambo ya umeme.

Mtu ana mashabiki dunia nzima, ana dari, ana hela ya chumba cha ziada, na bado kilichomtoa kitini ni kuambiwa sio yeye aliyejenga. Hapo ndo nilipoona kosa letu liko wapi Jumamosi, na halikuwa kwenye kuuza.

Maana kuuza sio dhambi. Edward Saidi Tingatinga alikuwa anapaka rangi za baiskeli kwenye vibao vya mraba, akaanza kuviuza Dar mwaka 1968 kule Oysterbay kwa wazungu. Hakuvirundika nyumbani. Aliuza, akala, akafundisha ndugu zake, akafariki 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Miaka minne tu ya kazi. Vile vibao vimetawanyika dunia nzima kwa watu asiowajua, na leo mtindo wenyewe unaitwa kwa jina lake. Kwa nini? Moja ya sababu ni ndogo sana: aliandika jina lake kwenye picha.

Dogo hajaandika.

Nimekumbuka pikapu ikiwa imeshakata kona. Kila lori kwenye ile foleni lina maandishi nyuma, yale ya kwetu ya kumshukuru Mungu na kuwasema majirani, kayaandika kwa kijiti cha meno, mengine yanachekesha mpaka machozi. Mizani imeandikwa, geti limeandikwa, hoteli ya mama lishe imeandikwa. Kwenye futi nane kwa nne zote jina pekee ambalo halipo ni lake. Na karatasi hawakuandikishana. Wamepeana mkono, hela imehesabiwa juu ya godoro, basi.

Mwakani mgeni ataingia kwenye ile ofisi, atauliza, "Hii kafanya nani?" Dada wa mapokezi atasema, "Kijana fulani tu." Hicho ndo kinachoniuma, sio 350,000. Na msidhani ni jambo la kuomba huruma. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inampa mtu aliyebuni kazi haki ya kutambuliwa kuwa ni yake, COSOTA wapo kwa ajili hiyo. Unaweza kuuza ubao na bado ukabaki kuwa mwenye kazi. Mimi mwenyewe nilikuwa naimba hii habari kwenye nyimbo za wasanii kila wiki, ila nilivyoshika kona ya ule ubao haikunijia kichwani hata kidogo. Nilikuwa nawaza mlango.

Na mlango ulitutesa, hilo nalo niseme. Ubao haukupita ukiwa umelala, tukausimamisha kwa ubavu. Malori yamegundishwa, hayakutikisika. Ila watu hakuwagundisha, kwa sababu kila asubuhi alikuwa anawahamisha: leo utingo kalala huku, kesho kaenda kununua sigara. Kwa hiyo kabla ya kuinua aliwaokota wote mmoja mmoja, akawaweka kwenye kopo la maziwa, kopo akaliweka dirishani. Mchumba wake alisimama mlangoni ameshika tumbo, anatuelekeza kulia kushoto. Tukashusha ngazi, tukapakia, tukafunga kamba, bosi akapiga honi.

Kopo likabaki dirishani.

Dogo kaligundua usiku. Kanipigia, sio meseji, kapiga. Sasa hivi kule kwa bosi kuna malori 64 na hakuna hata mtu mmoja. Nikamwambia arudi nalo, akasema anaona aibu, mzee ataona ni mbinu ya kuongeza hela. Nikamwambia hilo kopo ndo kisingizio chetu. Huwezi kumwambia mtu mwenye malori yake "nimekuja kuandika jina kwenye mali yako", lakini unaweza kumwambia "shikamoo mzee, madereva wako nilikuwa nimewasahau". Ukishaanza kuwapanga, ukafika kwenye ile kona tupu ya kulia chini ya mizani, unaomba.

Akagoma. Akalala. Asubuhi kanitumia meseji: "Saa nne twende."

Kwa hiyo Jumatatu tunaenda. Kopo analo yeye, chupa nyekundu ya rangi ya kucha ninayo mimi, na kikaratasi cha kusaini nimeshakiandika, mistari minne tu. Bosi akikataa nitawaambia. Akikubali nitapiga picha ya ile kona na kuiweka hapahapa, na staa wetu akitaka kuirusha tena safari hii itabidi akate kona nzima ya Mpemba.

Wenye video za zamani za ile foleni, hasa zinazoonyesha watu wamekaa wapi, tupieni hapo chini. Dogo anasema yule wa kwacha hakumbuki alikuwa upande gani wa barabara.