TAHARIRI: KUKU MGENI HAKOSI KAMBA MGUUNI

Ndugu Wanaushirika na Wanakijiji wote,

Tangu mavuno yaliyopita kijiji chetu kimepata wageni wengi. Wako wastaafu, wako vijana waliochoka kulipa kodi ya vyumba Tunduma na kushinda mpakani wakingojea malori ya kupakua, na wako akina mama waliofunga magenge yao wakarudi kwenye mashamba ya wazazi. Sisi tunasema karibuni. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Karibu wote wameanza na kazi moja, nayo ni ufugaji wa kuku. Ni jambo jema. Kuku hahitaji eka kumi wala mkopo wa benki, na mayai yake ni chakula cha mtoto na daftari la shule. Lakini ubao huu haukuwekwa hapa kwa ajili ya kusifiana, kwa hiyo tuseme kweli: kuku wanakufa, na wanakufa kwa sababu ya ujinga unaoweza kuondolewa.

Mambo huwa hivi. Mgeni anakwenda gulioni, ananunua kuku kumi na tano kutoka kwa watu saba asiowajua. Jioni ileile anawafungulia wachanganyike na wa jirani. Wenyeji wanamtazama tu, wanacheka chini chini, "huyo mtu wa mjini, acha aone." Haziishi wiki mbili, mabanda ya kitongoji kizima ni meupe. Aliyecheka naye anachimba shimo la kufukia kuku wake. Kideri hakiulizi nani mwenyeji na nani kaja juzi.

Kideri, ambacho wengine tunakiita mdondo, mnakijua. Kuku anazubaa, mabawa yanashuka, anakoroma, anaharisha kijani, na akichelewa kufa shingo inapinda. Mara nyingi huja wakati wa kiangazi, kuelekea mvua za kwanza. Hakina dawa. Mwarobaini, pilipili, majivu, vyote hivyo tumewanywesha na bado tukawazika. Kinga yake ni chanjo.

Chanjo inayofaa vijijini inaitwa I-2. Mbegu yake ilitayarishwa na wataalamu wa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na friji, na sasa inatengenezwa hapa hapa nchini na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, ila si ya kuachwa juani. Ifungwe kwenye kitambaa kibichi. Ni tone moja tu la jichoni, kwa kuku mkubwa na kifaranga, kila baada ya miezi mitatu. Haimponyi aliyekwisha kuugua. Na kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja. Hapo ndipo ilipo maana ya ushirika: mwenye kuku watano peke yake ataona kichupa ni ghali, lakini nyumba arobaini zikichanga ni hela ya chumvi. Kuku ni mali ya mtu, kideri ni cha kijiji. Nyumba moja ikikataa, imetia moto kwenye nyasi za wote.

Wazee walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Walikuwa wanawasema watu, lakini maneno yale yafuatwe hata kwa kuku wenyewe. Kuku aliyenunuliwa akae peke yake wiki mbili, mbali na wengine, na chombo chake cha maji kiwe mbali. Ukimwona mzima, achanjwe ndipo ajiunge na wenzake. Na anayeleta kuku kutoka mbali, au kutoka ng'ambo ya Nakonde, apite kwa bwana mifugo na apate kibali, asipite njia za panya.

Kwa ndugu zetu wageni, haya mengine myashike:

(a) Kuku wa kienyeji si yule wa kisasa mliyemzoea mjini, anayekula cha mfuko na kuchinjwa wiki ya sita. Huyu anajitafutia, lakini hajilei. Mpe pumba, mashudu ya alizeti na dagaa kidogo jioni, na maji safi kila siku.

(b) Banda lisiwe stoo. Liinuliwe, lipitishe hewa juu, lisipitishe kicheche chini, na lifagiliwe. Samadi ipelekwe bustanini na kwenye kahawa.

(c) Mayai huatamiwa siku 21. Vifaranga na mama yao wakae ndani ya tenga wiki nne za kwanza, mpaka mwewe asiwaweze.

(d) Kuku aliyekufa kwa ugonjwa haliwi, hauzwi, hatupwi mtoni. Anachomwa au anafukiwa shimo refu.

Kwa wenyeji tuna neno kali zaidi. Wapo miongoni mwetu ambao wakiona kuku wao ameanza kuzubaa, haraka wanamkimbizia mgeni wamuuzie, maana "hajui." Huo si ujanja wa biashara, ni wizi. Tena ni wizi wa kijinga, kwa kuwa ugonjwa uliouzwa asubuhi unarudi nyumbani jioni kwa miguu yake.

Tusisahau tulikotoka. Mwaka 1983, kwa sheria ya Nguvu Kazi, watu wengi waliondolewa mijini wakapelekwa vijijini wakalime, na wengi hawakukaa, walirudi mjini. Mtu hakai mahali kwa kupelekwa. Anakaa kwa kuwa ameonyeshwa kazi, na kazi hiyo imemlisha. Ndiyo maana husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini ukimpa jembe, mwonyeshe na pa kulima.

Na njia ya kufundishana si ngeni. Mwaka 1975, katika kampeni ya Chakula ni Uhai, watu walikaa kwa vikundi wakasikiliza redio, wakajadiliana, wakaenda kutenda. Sisi sasa tunalo darasa la kisomo cha watu wazima. Kila Jumatano jioni, baada ya kusoma na kuandika, saa moja itakuwa ya kuku. Wenyeji watafundisha kutambua mgonjwa na kutengeneza viota. Wageni, ambao wengi wamezoea kuandika mahesabu, watatufundisha kutunza daftari.

Msidharau daftari. Tuseme kuku ameatamia mayai 12, yakaanguliwa 10, na baada ya miezi miwili wamebaki 3. Mwenyeji atasema "kuku wangu wanazaa vizuri." Daftari litamwambia amepoteza 7, na litamwuliza: ni mwewe, ni baridi au ni kideri? Wengi wetu tumefuga miaka thelathini bila kujua jibu. Kwa hesabu hiyo sisi nasi ni wageni.

Basi, kama mkutano wa ushirika ulivyokubaliana, chanjo ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, alfajiri, kabla mabanda hayajafunguliwa. Kila mwenye kuku, hata akiwa na mmoja, ajiandikishe kwa balozi wake kabla ya Alhamisi. Mwenyeji aliye jirani na mgeni amgongee mlango siku hiyo, aende naye, amwonyeshe jinsi ya kumshika kuku ili tone lifike jichoni.

Kazi kwenu.

Katibu wa Tawi
kwa niaba ya Kamati ya Ubao wa Ushirika