Akili ni Nywele, Mizani ni ya Nani?

Nianze kwa kukiri kosa langu, ili msomaji asidhani kwamba ninayoyalaumu hapa ni ya wengine tu.

Miaka michache iliyopita taasisi moja iliniomba niisaidie kuchuja waombaji wa kazi. Nafasi zilikuwa chache, waombaji walikuwa mamia. Vipimo vilikuwa vimekwisha kununuliwa kutoka nje. Sehemu ya kwanza ilipima akili kwa maumbo, namba na maneno. Ya pili ilipima haiba kwa sentensi nyingi ambazo mwombaji huzikubali au huzikataa. Yote kwa Kiingereza, yote kwa dakika za kuhesabu. Kazi yangu ilikuwa kusimamia, kusoma matokeo yaliyotolewa na kompyuta, na kutia saini. Nilisimamia, nilisoma, nilitia saini, nikalipwa.

Wiki kadhaa baadaye binti mmoja niliyewahi kumfundisha alibisha hodi ofisini kwangu. Alinisalimu kwa shikamoo, akaketi, akasita. Kisha akasema: "Dokta, sikusudii kukukosea adabu. Kazi nimeikosa na nimekubali. Ila naomba kujua, siku ile mlinipima nini?"

Taarifa yake niliikumbuka, na ninaisimulia hapa kwa idhini yake. Moja ya sentensi za kipimo ilimtaka aseme kama anapenda kuwa kwenye mikusanyiko ya watu. Alikataa. Nyingine za aina hiyo nazo alizikataa. Kompyuta ikahitimisha kwamba hana mwelekeo wa kushirikiana na wenzake. Kumbe binti huyo ni mweka hazina wa kikundi cha kufa na kuzikana mtaani kwao. Msiba ukitokea anakesha, anapika, anashika daftari la michango. Lakini makelele hayapendi, na aliulizwa juu ya kupenda. Kwetu mtu haendi msibani kwa sababu anafurahia mikusanyiko. Anakwenda kwa sababu asipokwenda amevunja utu wake. Kipimo kilichotungwa mahali ambapo kuhudhuria ni hiari ya moyo kilimpima mtu ambaye kwake kuhudhuria ni wajibu, kikamwona mpweke.

Sikuwa na jibu la kumpa. Makala haya ni jibu lililochelewa.

Hoja yangu si kwamba akili na haiba havipimiki hata kidogo. Hoja yangu ni kwamba kipimo chochote cha binadamu hubeba ndani yake swali la nani anapimwa kwa faida ya nani, na kwamba taasisi zetu zinavinunua vipimo hivi bila kuuliza swali hilo. Historia inatuonya waziwazi.

Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kuangalia watoto waliokuwa wakibaki nyuma shuleni. Mwaka uliofuata Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walitoa kipimo cha kuwatambua watoto hao. Wawatambue ili iweje? Ili wasaidiwe. Binet aliwapinga waliodai kwamba akili ya mtu ni kiasi kimoja kisichoongezeka. Kwake, mtoto aliyepata alama ndogo alikuwa mtoto wa kufundishwa kwa njia nyingine. Alifariki mwaka 1911, na kipimo chake kilivuka bahari bila nia yake.

Huko Marekani, Henry Goddard alikitumia kipimo hicho kwa wahamiaji waliokuwa wakiteremka Ellis Island. Watu waliotoka kwenye safari ndefu ya meli, wamechoka, wanaulizwa maswali kupitia mkalimani. Mwaka 1917 akatangaza kwamba karibu wanne kati ya kila watano, katika makundi ya Wayahudi, Waitalia, Wahungari na Warusi aliyoyapima, walikuwa na upungufu wa akili. Mwaka huohuo Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza, na wanasaikolojia wakiongozwa na Robert Yerkes wakapima askari zaidi ya milioni 1.7. Miongoni mwa maswali ya kupima akili yalikuwamo ya kumtaka askari aseme Crisco ni kitu gani, na Christy Mathewson ni maarufu kwa kazi gani. Crisco ni mafuta ya kupikia. Mathewson alikuwa mchezaji wa besiboli. Mkulima aliyehamia kutoka Sicilia akishindwa kuyajibu, iliandikwa kwamba akili yake ni haba.

Carl Brigham alizichukua takwimu hizo za jeshi na mwaka 1923 akaandika kitabu kilichopanga mataifa kwa ngazi za akili. Mwaka 1930 alikiri hadharani kwamba hoja yake haikuwa na msingi. Ninamheshimu kwa kukiri. Lakini sheria ya kuwafungia mlango wahamiaji ilikuwa imekwisha kupitishwa mwaka 1924. Na mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imekwisha kuiruhusu Virginia imfunge kizazi Carrie Buck, msichana aliyetajwa kuwa na upungufu wa akili kama mama yake. Bintiye, Vivian, ambaye naye alidaiwa kuwa na upungufu huo angali mchanga, baadaye alikwenda shule na jina lake likaingia katika orodha ya wanafunzi waliofanya vizuri. Alifariki akiwa na miaka minane. Alama hufutwa kwa kalamu; kilichotendwa kwa jina la alama hakifutiki.

Msomaji atasema hayo ni ya Marekani. La hasha. Nairobi ya miaka ya 1930 ilikuwa na madaktari wa kikoloni, H. L. Gordon na F. W. Vint, waliopima mafuvu na bongo za Waafrika na kuhitimisha kwamba zina upungufu wa kimaumbile. Mwaka 1953 J. C. Carothers, aliyekuwa ameongoza hospitali ya Mathari, alichapishiwa na Shirika la Afya Duniani kitabu kilichomfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ilimtumia kuueleza uasi wa Mau Mau, naye akaueleza kama tatizo la akili za watu waliovurugwa na mabadiliko. Ardhi iliyoporwa ikageuka maradhi ya aliyeporwa. Hiyo ndiyo faida ya kipimo kwa mwenye mabavu: humwezesha kujibu swali la haki kwa cheti cha daktari.

Sasa tutazame ushahidi uliopatikana katika mazingira yetu, kwa watafiti waliokuwa tayari kushangazwa. Robert Serpell aliwalinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester. Walipotakiwa kuiga maumbo kwa kalamu na karatasi, wa Manchester waliongoza. Walipotakiwa kuyaiga kwa waya, ambao watoto wa Lusaka huutumia kutengeneza magari ya kuchezea, wa Lusaka waliongoza. Kwa udongo, walilingana. Huko Usenge, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto ujuzi wa dawa za mitishamba, ujuzi unaomsaidia mtoto kuishi pale alipo. Watoto waliojua zaidi dawa hizo walielekea kupata alama ndogo zaidi katika vipimo vya kishule. Na huko Embu, watoto waliopimwa mwaka 1998 waliwashinda kwa mbali wenzao wa rika lao waliopimwa mwaka 1984. Damu ya watu wa Embu haibadiliki kwa miaka 14. Watafiti walitaja lishe na afya ya watoto, elimu ya wazazi na mabadiliko katika familia.

Haiba nayo ni hivyohivyo. Nadharia maarufu ya sifa kuu tano za haiba, inayodaiwa kuwahusu binadamu wote, ilipojaribiwa kwa watu wa Tsimane nchini Bolivia, wakulima na wawindaji, sifa hizo tano hazikujitokeza kama ilivyotarajiwa. Kama zimeshindwa huko, kwa nini tuapie kwamba zinamfaa mwombaji kazi wa Singida au Pemba bila kwanza kujaribu?

Najua pingamizi nitakaloletewa, tena ni zito. Watumishi wa umma wanaonisoma watasema: "Dokta, wewe huyajui ya kwetu. Bila vipimo, kazi ni za watoto wa wakubwa. Kompyuta haina mjomba, haipokei kimemo." Kweli. Nimeishi nchi hii, navijua vimemo. Mtoto wa maskini aliyefaulu kwa haki ana sababu ya kuushukuru mtihani, nami ni mmoja wao. Sitaki turudi kwenye usaili wa kujuana.

Lakini tusichanganye mambo mawili. Kumtendea kila mtu sawasawa ni jambo moja. Kumtendea haki ni jambo la pili. Mizani inayopunja robo kilo humpunja kila mteja bila upendeleo. Katika taaluma tunasema kwamba kipimo kinaweza kuwa thabiti, yaani kutoa jibu lilelile kila mara, na bado kisiwe halali, yaani kisipime kile kinachodai kukipima. Kipimo cha Kiingereza kinachomhesabia mtu dakika, aliyesoma kijijini bila kitabu, kitatoa jibu lilelile kila mara. Kitapima umbali kati ya nyumba yao na shule ya kulipia. Kisha tutauita umbali huo akili, na mtoto wa mkubwa atapita mlango wa mbele bila kuhitaji kimemo.

Muuza nyanya sokoni anapaswa kuhakikisha mizani yake inakaguliwa na Wakala wa Vipimo na kutiwa alama. Akikutwa na mizani isiyohakikiwa, anaadhibiwa. Ni sawa, kwa kuwa kilo ya nyanya ni haki ya mnunuzi. Lakini mizani iliyoamua ajira za mamia ya vijana mbele ya macho yangu, hakuna aliyeuliza imehakikiwa na nani, kwa watu gani, lini. Nami mwenye shahada ya uzamivu sikuuliza. Nyanya zilipata ulinzi mkubwa kuliko wanafunzi wangu.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, nayo hayahitaji bajeti kubwa bali uungwana. Kwanza, taasisi inayonunua kipimo idai ushahidi kwamba kimejaribiwa kwa watu wanaofanana na watakaopimwa, na iandike sharti hilo katika hati za zabuni. Pili, kama kazi yenyewe hufanyika kwa Kiswahili, kipimo kiwe kwa Kiswahili kilichofikiriwa kwa Kiswahili. Tafsiri ya neno kwa neno haitoshi. Tatu, aliyepimwa aonyeshwe matokeo yake na apewe nafasi ya kuyapinga. Nne, alama isiwe hukumu ya pekee. Ikae pamoja na kazi ya mikono ya mtu, na ushuhuda wa waliofanya naye kazi.

Kwa wanafunzi na wanaharakati: mkiingia katika vyumba hivyo vya usaili, jibuni maswali, lakini mkitoka ulizeni. Swali la yule binti ni halali kisheria na kitaaluma, na halina utovu wa adabu wowote. Kwa wanataaluma wenzangu wanaoalikwa kusimamia kazi kama ile: saini zetu ndizo zinazoipa namba heshima ya sayansi. Tukizizuia mpaka tuonyeshwe ushahidi, wauzaji watautafuta.

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hawakusema za nani ni nyingi, na sidhani kwamba walisahau.

Yule binti nilimwandikia nilipomaliza rasimu ya makala haya. Nilimweleza kwamba siku ile tulimpima Kiingereza chake, kasi yake, na kufanana kwake na watu ambao hajawahi kukutana nao. Uwezo wake wa kufanya kazi ile hatukuupima. Nikamwomba radhi. Taasisi ile ilinialika tena mwaka huu. Nimeipelekea maswali yangu kwa barua, na saini yangu inasubiri majibu.