MISULI HAITAKI PUPA



Waliolonga kuwa mwenye pupa hadiriki kula tamu hawakukosea hata kidogo. Methali hii sote tunaijua. Tunaiandika kwenye insha, tunapewa alama zetu, kisha ikifika jioni baada ya michezo tunaisahau kabisa. Anayebisha na aende nyuma ya mabweni ya wavulana. Huko atapata bomba la chuma ambalo kila upande limechomekwa mkebe wa rangi uliojazwa saruji na kokoto. Kijana mmoja analiinua, mgongo umepinda, mishipa ya shingo imemtoka, na wenzake wamemzunguka wakipiga kelele, "Ongeza mzee! Usilegee!" Ukimwuliza anatafuta nini, atakunja mkono, akuonyeshe hapo kati ya bega na kiwiko, akuambie, "Nataka hapa pajae kabla ya likizo."

Mimi simcheki. Kutaka mikono yenye nguvu si aibu wala si dhambi. Mkono wenye nguvu hubeba maji, hulima, hurusha mpira, humwinua mgonjwa. Ninachopinga ni pupa. Na ninaongeza hili, walimu wetu mnisamehe: kutufukuza nyuma ya mabweni na kuichukua mikebe hakujaiondoa pupa hiyo. Mikebe ikichukuliwa muhula huu, muhula ujao mingine imeshajazwa. Hebu nieleze ninavyoona.

Kwanza, tukumbuke kipimo. Mkebe wa rangi wa lita 4 ukijazwa saruji na kokoto huwa na uzito wa karibu kilo 9. Iwe mikebe miwili pamoja na bomba, hizo ni kama kilo 20. Mkebe huo haupungui wala hauongezeki. Kijana ambaye mikono yake inaweza kilo 8 analazimika kuinua 20, na kwa kuwa mikono haiwezi, anautupa mgongo nyuma ili usaidie. Basi kinachofanya kazi ni mgongo, si mikono! Mwaka jana mwenzetu mmoja aliangushiwa mkebe kidole cha mguu akachechemea muhula mzima. Huo ndio unene alioupata: unene wa kidole.

Na kipimo tunacho, tena cha bure. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Chukua mtungi wa lita 5 wenye mpini, utie lita 3. Ukunje mkono polepole, uushushe polepole zaidi, kiwiko kikae karibu na mbavu. Ukiweza mara 12 bila kuyumba, ukapumzika, ukarudia seti ya pili na ya tatu, juma lijalo ongeza nusu lita. Wagiriki wa kale walisimulia juu ya Milo wa Croton, bingwa wa mieleka wa karne ya 6 kabla ya Kristo. Inasemekana alimbeba ndama kila siku, na ndama akazidi kukua mpaka akawa fahali, naye Milo bado anambeba. Hadithi ni hadithi, lakini siri ya nguvu imo humo. Sisi wenyewe tunasema papo kwa papo kamba hukata jiwe. Hakuna anayeanza na fahali.

Pili, tujue tunachokijenga. Wengi wetu tunadhani mkono ni ule msuli wa mbele tu, baisepsi, unaotuna ukikunja ngumi mbele ya kioo. Loo! Msuli wa nyuma, yaani traisepsi, ndio mkubwa zaidi. Wa mbele una vichwa viwili na kazi yake ni kukunja kiwiko na kukigeuza kiganja kitazame juu. Wa nyuma una vichwa vitatu na kazi yake ni kukinyoosha kiwiko. Kwa hivyo anayekunja bomba kila jioni anaacha sehemu kubwa ya mkono wake imelala usingizi. Dawa yake ni pushapu, mikono ikiwa imekaribiana kidogo, au kujishusha na kujiinua kwa mikono kwenye ukingo wa benchi iliyo imara. Kwa wa mbele, kujivuta juu kwenye chuma kilichochimbiwa vizuri kunafaa sana. Hayo yote hayahitaji hata shilingi.

Tena mkono haufanyi kazi peke yake. Mtazameni Mkenya mwenzetu Julius Yego. Mwaka 2015 kule Beijing aliurusha mkuki mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Mkuki wa wanaume una uzito wa gramu 800 tu. Je, ulifika mbali hivyo kwa baisepsi? Thubutu! Nguvu ilianzia miguuni, ikapita kiunoni na begani, mkono ukamalizia. Mtu mwenye mikono minene juu ya miguu ya korongo ni pambo tu.

Tatu, na hapa ndipo pupa inapotuumiza zaidi, misuli haikui wakati unapoinua. Wakati huo inachoshwa. Hukua baadaye, ukila na kupumzika. Ndiyo maana siku mbili au tatu kwa juma zinatosha, na baina yake uiache siku moja ipite. Lakini wapo wenzetu wanaoinua kila siku, na wengine, ati, huamka saa tisa usiku ili wasionekane! Kijana wa umri wetu anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Anayeuuza usingizi wake kwa mkebe wa saruji amepata hasara mara mbili: mwili haukui, na darasani anasinzia.

Na chakula je? Wataalamu wa lishe ya wanamichezo hupendekeza gramu 1.2 hadi 2 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kijana wa kilo 55 anahitaji angalau gramu 66. Yai moja lina kama gramu 6. Maharagwe, ndengu, maziwa na omena navyo vina protini nzuri. Sasa kuna mtu ninayemwona bwaloni akiwagawia wenzake maharagwe yake yote, abaki na ugali na sukuma, kisha jioni analalamika kwamba mikono haikui. Itakuaje, ndugu yangu, na matofali umewapa majirani?

Pupa hiyohiyo ndiyo inayowafungulia mlango wauzaji wa njia za mkato. Nasikia tayari kuna wanaoulizia vidonge na poda za "kufura haraka". Jamani, tahadharini! Mwaka 1988 kule Seoul, Ben Johnson wa Kanada alishinda mbio za mita 100, na baada ya siku chache akanyang'anywa medali ya dhahabu kwa sababu ya dawa za kuongeza misuli. Aibu ilikuwa ya dunia nzima kuona. Lakini mbali na aibu, dawa hizo huweza kudhuru moyo na ini, kusinyaza korodani, na kwa kijana ambaye bado anakua huweza kuisimamisha mifupa kabla ya wakati wake. Unataka mkono mnene, unabaki mfupi wa maisha.

Najua baadhi ya walimu na wazazi husema kwamba kuinua vyuma kwenyewe humfupisha kijana. Kwa heshima zote, tusichanganye mambo. Mazoezi ya uzito yenye kipimo na msimamizi hayajaonyeshwa kumfupisha mtu. Kinachoumiza ni uzito uliozidi, mtindo mbaya, na kukosa wa kukuangalia, na hayo matatu ndiyo yanayopatikana nyuma ya mabweni. Wengine wanahofu kwamba wenye misuli watawaonea wadogo. Hofu hiyo ninaielewa. Ila mwonevu hujificha, na mazoezi ya kificho ndiyo yanayomlea.

Kwa hivyo ombi langu ni hili. Tupewe pembe moja kando ya uwanja, siku tatu kwa juma, mbele ya mwalimu wa michezo. Iwe na mitungi ya maji yenye alama za lita, benchi moja imara na chuma cha kujivutia. Kila mtu awe na daftari la kuandika kilo zake, na asiinue mtu peke yake. Wasichana pia wakaribishwe. Hao ndio wabebao mitungi ya lita 20 makwao bila kupigiwa makofi na mtu! Nasi Chama cha Kiswahili tutaandika kanuni kwa lugha safi na kuzibandika ukutani.

Nanyi wavulana wenzangu, muhula mmoja hautoshi. Majuma ya kwanza utahisi nguvu zinaongezeka kwa sababu neva zinajifunza kuiamrisha misuli. Unene huja baadaye, taratibu, na likizo inaweza kufika bila shati kukubana. Usivunjike moyo. Haba na haba hujaza kibaba, na mkono nao hujaa hivyohivyo.