Si kila ofisi ya chuo inahitaji PhD

Wasee, kuna hii stori imejaa mtaani kutoka Umoja hadi Kayole: eti ukitaka kuwa bosi chuoni lazima uwe na PhD, na DBA ama EdD ni za watu walioogopa utafiti. Mimi nakataa.

Angalia kazi ya msajili wa chuo. Usajili wa wanafunzi, ratiba za mitihani, kesi za nidhamu, mahafali, na zile maksi hupotea kila muhula (mnazijua). Hiyo ni kazi ya kuendesha watu na mifumo. PhD inakufunza kuchimba swali moja kwa miaka mpaka utoe kitu kipya. Inaheshimika sana, lakini haijawahi kumrudishia mtu maksi zake. DBA, ya usimamizi wa biashara, na EdD, ya elimu, zinachukua tatizo lililo kazini na kulifanyia utafiti ili litatuliwe. Na DBA haiko mbali, USIU wanayo hapo Thika Road. Karo ndiyo kisanga.

Mwaka wa 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliambia wahadhiri wawe na PhD, ikawapa miaka mitano. Sawa, huyo anafundisha. Lakini Juni 2019 JKUAT ikatoa PhD 118 kwa mahafali moja, mpaka Tume ikaingia kuchunguza. Mimi presha naiona hapo, na bado mnataka kuwaongezea hata watu wa ofisi?

Kuna mjuaji ataniambia Harvard, waliokuwa na EdD tangu miaka ya 1920, waliiacha wakaweka PhD. Ni kweli. Lakini hao hao walianzisha EdLD mwaka wa 2010, udaktari wa uongozi wa elimu. Walitenganisha mtafiti na kiongozi. Sisi tunawasukuma wote mlango mmoja.

Kama ndoto yako ni naibu chansela, buda, enda PhD. Hapo wanataka profesa mwenye machapisho. Na wewe wa udaktari wa heshima wa wikendi, wa kulipia, na joho la kukodi, hii mjadala haikuhusu kabisa.

Kwa wengine, soma tangazo la kazi kabla ulipe karo, juu mengi bado yameandikwa PhD tu. Hapo ndipo vita iko. Mabaraza ya vyuo, ongezeni maneno mawili kwa tangazo la msajili: "au DBA". Binamu yangu bado anangoja maksi za mwaka wa pili, na hajali nani atazipata, mradi azipate.