Dansi Halikufia Barabarani

Wapo wapenzi wa muziki wa dansi wa Tanzania ambao, wakiulizwa zama zake za dhahabu zilikoma lini, hujibu kwa kutaja kaburi. Mmoja atasema Januari 1979, Mbaraka Mwinshehe alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa. Wa pili atasema 1990, alipoondoka Hemed Maneti wa Vijana Jazz. Wa tatu atashikilia 1995, mwaka wa msiba wa Marijani Rajabu. Jibu la namna hii lina heshima kwa marehemu, lakini halina haki kwa historia. Ubaya zaidi, huwasitiri walio hai.

Msomaji wa visiwani anayo mizani ya kulipimia. Siti binti Saad alifariki 1950. Lau kifo cha mwimbaji mkubwa ndicho kikomo cha zama, taarab ya Unguja ingalizikwa naye, na Ikhwani Safaa, iliyoasisiwa 1905, ingalifunga mlango wake. Bi Kidude, aliyeimba hadi uzeeni na kufariki 2013, angalikuwa mwimbaji wa muziki uliokwisha kuzikwa. Hakuna asemaye hivyo kuhusu taarab. Kwa nini basi lisemwe kuhusu dansi? Mbaraka alipofariki, Mlimani Park, iliyoundwa 1978, ilikuwa ingali changa. Nyingi katika nyimbo zilizoipa jina zilikuwa hazijatungwa bado.

Swali hili hujibiwa vibaya kwa sababu huulizwa Dar es Salaam, penye kumbi, ambako mwimbaji alijulikana kwa sura. Na liulizwe Makandana, kata ya mji wa Tukuyu wilayani Rungwe, penye hospitali ya wilaya, katika nchi ya mvua, migomba na chai, mamia ya kilomita kutoka pwani. Huko dansi lilisikika redioni kabla ya kuonekana jukwaani. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi iliingia studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ikarekodi, na wimbo ukarushwa hewani. Club Raha Leo Show iliwafungulia walio mbali ukumbi usio na kiingilio. Ugua Pole iliwapelekea wagonjwa salamu na nyimbo wakiwa vitandani. Aliyelazwa Makandana na aliyecheza ukumbini Dar es Salaam waliweza kuusikia ubeti ule ule, na mtunzi aliyapima maneno yake akijua kuwa nchi nzima inamsikiliza.

Nguzo ya pili ilikuwa mshahara. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana. Bima Lee, ya Shirika la Bima. Urafiki Jazz, ya kiwanda cha nguo. Mlimani Park nayo baadaye ilishikwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mwajiri alimiliki ala na kulipa mshahara. Mtunzi akapata wasaa wa kukaa na shairi lake.

Asidhani mtu kuwa hiyo ilikuwa pepo. Mwenye ala alitaka asifiwe, na nyimbo za kukisifu chama zilikuwa nyingi. Redio nayo iliyachuja maneno kabla ya kurekodi. Hata hivyo, mtunzi aliyebanwa alikimbilia fumbo, na fumbo ni mali ya kale ya ushairi wa Kiswahili.

Nguzo hizo mbili ziliangushwa kwa kalamu. Mwaka 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mashirika ya umma yakaingia katika miaka ya kubana matumizi na hatimaye ya kubinafsishwa. Mwaka 1993 ilipitishwa sheria mpya ya utangazaji, na 1994 Radio One ikaanza. Ushindani wa redio haukuwa dhambi. Kosa ni kuvunja nyumba ya zamani bila kuuliza waliomo watalala wapi. Bendi ikarudi kutegemea kiingilio cha mlangoni, na mlango uko mjini. Palipokuwa pa fumbo pakatajwa jina la mfadhili. Msondo na Sikinde ziliendelea kupiga. Kilichokufa ni yale mapatano baina ya mwajiri, redio na msikilizaji wa mbali. Ikitakiwa tarehe, basi ni 1994.

Wale wanaomtupia lawama kijana wa Bongo Fleva nao wanakosea. Alipofika msibani, alikuta matanga yamekwisha kuanuliwa.

Kwa nini kugombania mwaka? Kwa sababu kifo hakina mdaiwa, bali uamuzi unaye. Anayesema dansi lilikufa na Mbaraka anaifanya habari nzima kuwa kudura, na mbele ya kudura watu huomba dua tu. Anayesema lilivunjwa kwa maamuzi ana haki ya kudai. Kanda za Radio Tanzania zimo katika hifadhi iliyorithiwa na TBC. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mtunzi, na baada yake warithi wake. Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Hawa walicheza kwao, na kutunzwa kwao kumekuwa kuliliwa kila mwaka siku ya kumbukumbu.

Basi machozi yawekwe kando, hesabu ifanywe. Kila kanda iandikwe jina la mtunzi wake. Kila wimbo unaorushwa au kuuzwa ulipiwe, na malipo yawafikie warithi. Nakala ziwekwe katika maktaba za mikoa na wilaya, Rungwe ikiwamo, maana Makandana ilisikiliza kwa uaminifu miaka yote hiyo na haijarudishiwa hata kanda moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kanda zilizooza haujengeki tena.