Hukumu iko mkononi, nyumba iko wapi?

Huku kwetu Kolwezi na Likasi, wamama wanatoka tribinali ya amani na karatasi ya talaka, wanazani mambo imekwisha. Bado. Sheria ya Jamaa ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inasema kama bibi na bwana hawakuchagua utaratibu mwingine, mali iliyopatikana ndani ya ndoa ni ya wote wawili. (Ndoa ambayo haikuandikishwa, ile ni shida ingine.) Lakini hukumu haitembei yenyewe. Inaomba wisie, na wisie anaomba feza.

Mfanyakazi wa kampuni ana mshahara. Tribinali inaweza kukamata sehemu yake. Krezeri hana mshahara wa kukamata. Kunabaki parsele tu, na sertifika mara nyingi iko kwa jina la bwana peke yake. Anaiuzisha kesi ingali mbele ya juji, na siku wisie anafika, anakuta watu wengine mulangoni.

Ndiyo maana sisi tunasema mama asingojee hukumu. Kesi ikifunguliwa tu, apeleke opozisyo kwa ofisi ya titre za udongo, ili nyumba isihamishwe. Kama feza hana, aombe komini imupe karatasi ya umaskini, aipeleke tribinali.