"He" Haikuwahi Kuwabeba Wote

Hasira za watu juu ya "they" ya mtu mmoja zimejengwa juu ya hekaya. Husimuliwa hivi: tangu kale Kiingereza kilikuwa na "he" iliyomtosha kila mtu, mke na mume, na wote wakaridhika, kisha juzijuzi vijana wa vyuo vya Marekani wakaivuruga sarufi kwa siasa zao. Wanaoisimulia kwa ukali zaidi mara nyingi ni sisi tuliofundishwa Kiingereza kwa kiboko, na kilichoingia kwa kiboko hakitoki kirahisi.

Mambo yalikuwa kinyume. "They" ya mtu mmoja asiyetajwa jinsia imo katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 14. Shakespeare aliitumia, Jane Austen aliitumia, wala hawakuomba radhi. Mgeni ni ile kanuni ya "he". Waliileta watunzi wa vitabu vya sarufi wa karne ya 18, na miongoni mwa wa mwanzo kuiandika anatajwa Ann Fisher, mwalimu wa Newcastle. Naam, mwanamke, historia haina adabu. Mwaka 1850 Bunge la Uingereza likaipa nguvu ya sheria: katika sheria zote, maneno ya kiume yahesabiwe kuwa yanawahusu na wanawake, isipokuwa pale itakapoelezwa vinginevyo waziwazi. Nasi tukarithi kifungu cha namna hiyo, Kenya na Tanzania.

Ahadi hiyo ilifika mahakamani. Sheria ya uchaguzi ya 1867 ilimpa kura kila "man" mwenye sifa za makazi na kodi. Zaidi ya wanawake 5,000 wa Manchester wakadai kuandikishwa, wakiishika mkononi ile sheria ya 1850. Katika kesi ya Chorlton v Lings, mwaka 1868, majaji waliwakatalia. Safari hii "man" alikuwa mwanamume kwelikweli. Huko Marekani, Susan B. Anthony, mtetezi wa haki ya wanawake kupiga kura, alipiga kura mjini Rochester mwaka 1872, akakamatwa, akahukumiwa faini ya dola 100 ambayo hakuilipa. Kabla ya kesi alizunguka akihutubia na kuwabana wakubwa: kama "he" ya sheria inamtoa mwanamke kwenye kura, basi imtoe na kwenye kodi na kwenye kitanzi, maana sheria za huko nazo zinasema "he". Sijaona jibu la maana hadi leo. Mwanamke alihesabiwa ndani ya "he" siku ya kudaiwa, akatolewa nje siku ya kugawiwa. Na tusijigambe kwa "yeye" yetu isiyo na jinsia. Haijamrithisha binti shamba.

Wanaoipinga "they" watasema wingi hauwezi kuwa umoja. Basi waanze na "you", iliyokuwa ya watu wengi kabla ya kumeza nafasi ya "thou". George Fox, mwanzilishi wa dhehebu la Kikristo la Quaker, alishiriki kuandika kitabu kizima mwaka 1660 kulaumu watu waliomwambia mtu mmoja "you". Alishindwa, na Kiingereza hakikufa.

Yupo pia anayeomba aitwe "they" kwa sababu haoni kuwa "he" wala "she" inamfaa. Ombi hilo ni la heshima, sawa na la mtu anayetaka jina lake litamkwe vizuri. Anayelipinga kwa dini au kwa mila aseme hivyo, tubishane naye hapo. Asijifiche nyuma ya sarufi, kwa maana sarufi haiko upande wake.

Wakati huo huo, mwanafunzi anayeandika "everyone should bring their book" bado anakatwa alama na walimu wengi, ingawa mwongozo wa uandishi wa APA, unaotumika sana vyuoni, uliikubali "they" hiyo katika toleo lake la 2019. Na mwalimu huyo huyo, akishaweka chini kalamu nyekundu, huuliza darasa zima: "Who has left their bag here?"